Turubai Halishiki Mzigo: Kupanga, Kufunga na Kufunika Trela la Wazi Kabla Hujatoka Arusha

Pita mtaa wa Unga Limited asubuhi utaikuta semi imeshapakiwa. Utingo yuko juu anatandaza turubai, dereva yuko chini anavuta kamba, na baada ya nusu saa mzigo umefunikwa ukapendeza kama kitanda cha bibi harusi. Bosi anapiga picha, anamrushia mwenye mali. Sasa mwulize dereva: suka, turubai hilo likitolewa, mzigo unashikwa na nini? Mara nyingi atacheka, aseme, "Uzito wake wenyewe."

Mimi nilianza kazi hii nikiwa utingo, na jibu hilo nililitoa miaka mingi. Turubai ni nguo. Linakinga mvua, vumbi, jua, na mikono ya vijana wanaodandia gari likipunguza mwendo kwenye matuta. Tani ishirini zikiamua kutembea, nguo haizizuii. Kwa hiyo katika mwongozo huu turubai linakuja karibu na mwisho, na kabla ya kuligusa, mzigo uwe umeshasimama wenyewe kiasi kwamba ungeweza kuondoka bila kufunikwa.

Ninazungumzia trela la wazi, lile lisilo na kuta, au lenye nguzo za pembeni tu. Mwenye Fuso la bodi naye atapata yake humu, ila kuta za bodi zisimdanganye. Nyingi zimeshikwa na bawaba na pini mbili zilizoliwa na kutu.

Hatua ya kwanza: jiulize mzigo unataka kwenda wapi

Ukikanyaga breki, gari ndilo linalosimama. Mzigo haujaambiwa. Unaendelea na safari yake mpaka ukutane na kitu cha kuuzuia, na kitu hicho kikikosekana, mbele yake kuna kichwa cha gari na wewe ndani yake.

Kiwango cha Ulaya cha kufunga mizigo, EN 12195-1, kinataka mzigo ushikwe kana kwamba unasukuma mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, na asilimia 50 ubavuni na nyuma. Ukibeba nondo tani 20, jiandae na msukumo wa tani 16 kuelekea mgongoni mwako na tani 10 kila ubavu. Hapo hatujataja kugonga kitu. Ni breki kali tu na kona.

Nilifahamu maana yake kwenye njia ya Namanga, ng'ombe walipokatiza barabara kabla ya Longido. Nilibeba nondo zimelala moja kwa moja juu ya bati la trela, zimefungwa kamba nne na turubai safi juu. Nilisimama vizuri, ng'ombe wote wakavuka salama. Nyuma nikasikia mlio kama wa treni. Tuliposhuka, turubai lilikuwa halijachanika popote, kamba zote nne ziko mahali pake, na nondo zimepita chini ya kamba hizo zikakunja ukuta wa mbele wa trela hadi ukakaribia kichwa. Mchungaji alitutazama, akatazama nondo, akaendelea na ng'ombe wake.

Kamba zile hazikukatika kwa sababu hazikuwa zinazuia chochote. Zilikuwa zinakandamiza tu. Kamba au mkanda unaopita juu ya mzigo kazi yake ni kuugandamiza chini ili uume kwenye bodi, yaani sakafu ya trela, na msuguano ndio unaoushika. Msuguano ukiwa hafifu, mikanda hiyo ni mapambo.

Tupige hesabu kidogo, maana hapa ndipo pesa zinapookolewa. Chuma juu ya chuma, hasa kikiwa na unyevu au mafuta, kinashikana kwa kama asilimia 20 ya uzito. Nondo tani 20 zinashikwa na msuguano wa tani 4, na msukumo ni tani 16. Zimebaki tani 12 za kushikwa na mikanda. Mkanda wa kawaida wa racheti, yaani wenye kikazio cha meno, wa upana wa milimita 50, ukikazwa kwa mkono tuseme unavuta kwa nguvu sawa na kilo 350 kila upande, jumla kilo 700 za kugandamiza. Asilimia 20 ya hizo ni kilo 140. Gawa tani 12 kwa kilo 140: unahitaji mikanda 85 hivi. Hakuna mtu Arusha nzima mwenye mikanda 85 kwenye trela moja.

Sasa weka mpira wa kuzuia utelezi chini ya nondo. Msuguano unapanda hadi asilimia 60 hivi. Mpira wenyewe unashika tani 12, zimebaki 4, na kila mkanda sasa unachangia kilo 420. Mikanda 10 inatosha. Kutoka 85 hadi 10, kwa sababu ya vipande vya mpira.

Hatua ya pili: bodi kwanza

Kwa hiyo fagia bodi. Mchanga, punje za mahindi, unga wa saruji, matope ya safari iliyopita, vyote hivyo ni gololi chini ya mzigo. Mafuta yafutwe kwa vumbi la mbao, kisha yafagiliwe. Kama bodi ni la mbao, angalia ubao uliooza au msumari uliochomoza. Gunia likichanwa na msumari huo, kufika Same litakuwa tupu.

Mipira maalumu ya kuzuia utelezi ipo, lakini ukikosa, tafuta vipande vya mikanda mipana ya mitambo ya kiwandani iliyokwisha kutumika. Tairi kuukuu lililochanwa likawa bapa nalo linasaidia, ingawa usilihesabu kwa asilimia 60 ileile. Sharti viwe vikavu, visiwe na grisi, na mzigo wote ulale juu ya mpira. Ukiweka vipande viwili mbele na nyuma ukaacha chuma katikati kinagusa chuma, hesabu yetu imeharibika. Vivyo hivyo kati ya kitita na kitita cha nondo: kitita cha juu kinateleza juu ya cha chini hata kama cha chini kimetulia. Weka mbao za kulalia na mpira kila tabaka.

Kagua pia sehemu za kufungia. Reli nyembamba inayozunguka trela ilitengenezwa kwa kamba za turubai. Ndoano za mikanda na cheni zishike fremu au pete zilizochomelewa kwa kazi hiyo. Pete ikiwa na ufa kwenye welding, usiitumie, hata kama fundi anaapa kwamba aliichomelea wiki iliyopita.

Hatua ya tatu: panga kana kwamba huna kamba

Mzigo uguse ukuta wa mbele. Hili peke yake linaondoa nusu ya matatizo, ikiwa ukuta wenyewe ni wa chuma imara na siyo bati la kuzuia upepo.

Tatizo ni kwamba mzigo mzito na mfupi huwezi kuusukuma wote mbele, kwa sababu ya mizani. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inapima kila ekseli: tani 8 ya usukani, tani 10 ekseli moja yenye tairi nne, tani 18 kwa ekseli mbili pamoja, tani 24 kwa tatu, na gari zima lisizidi tani 56. Unaweza kuwa chini ya uzito wa jumla, ukapigwa faini kwa sababu umerundika upande mmoja. Kwa hiyo mzigo mfupi unakaa panapotakiwa na ekseli, na nafasi inayobaki kati yake na ukuta inajazwa kwa magogo au mbao nene zilizobanwa kwa kabari. Pakiachwa wazi mita moja, hiyo ni mita moja ya mbio kabla ya kugonga.

Nondo zinajulikana urefu, mita 12. Ya milimita 12 ina uzito wa kama kilo 10.7, ya milimita 16 kama kilo 19. Hesabu vipande, piga kwa uzito, utajua tani zako kabla mizani haijakwambia. Vitita vifungwe kwanza kila kimoja peke yake, kwa waya au cheni iliyozungushwa mara mbili ikabana kama kitanzi, ndipo vipandishwe. Nondo ya katikati ya kitita haijashikwa na kitu zaidi ya wenzake, na ikichomoka mbele ni mkuki.

Magunia yana elimu yake, na wapakiaji wa soko la Kilombero wanaijua kuliko mimi, wakiachwa wafanye kazi bila kuharakishwa. Panga kama fundi anavyopanga tofali: gunia la juu likalie maungio ya mawili ya chini. Tabaka moja yalale kwa urefu wa trela, linalofuata yakatize. Ukingo wa nje uwe juu kidogo kuliko katikati, ili mzigo uegemee ndani. Ukifika tabaka la mwisho, geuza: katikati pawe juu, utengeneze mgongo ambao maji ya mvua yatateremka kutoka kwake. Salfeti, yaani gunia la plastiki, inateleza kuliko gunia la mkonge, kwa hiyo ukipakia salfeti punguza kimo, na kila tabaka mbili au tatu pitisha kamba kabla ya kuendelea.

Na lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake? Mbali na kwamba imekatazwa, lumbesa ni mpira. Hailali, inabiringika. Gunia lenye kilemba kichwani halina upande ulio bapa, na ukilipanga juu ya jingine kama hilo umepanga mayai. Nimewahi kuona trela la viazi la lumbesa likiwa limeinama kushoto kabla halijatoka sokoni, na dereva anasema litajinyoosha njiani.

Saruji haina shida kuipanga, mifuko yake ya kilo 50 inatulia. Inatudanganya kwa ufupi wake: tani 30 ni mifuko 600, na kwenye trela inaonekana kidogo, mtu anaona ni kama nusu ya mzigo, anaongeza. Mabati nayo kingo zake ni wembe. Usipitishe mkanda wala kamba juu yake bila kitu cha kukinga.

Hatua ya nne: funga

Mkanda wa racheti una lebo. Isome. Ule wa milimita 50 mara nyingi umeandikwa LC 2500 daN, maana yake ukivutwa ukiwa umenyooka unaruhusiwa kubeba nguvu ya karibu kilo 2,500. Karibu na hapo kuna STF, ambayo kwa kawaida ni kati ya 300 na 500. Hiyo ndiyo nguvu unayoipata kweli ukiukaza kwa mkono. Wengi wanasoma namba kubwa wanafikiri mkanda uliopita juu ya mzigo unagandamiza tani mbili na nusu. Unagandamiza kwa ile ndogo. Lebo ikiwa imetoka, huujui mkanda huo. Utumie kufunga jenereta ya nyumbani, siyo mzigo wa mtu.

Pembe nayo inakula nguvu. Mkanda ukishuka wima kutoka juu ya mzigo hadi bodi, unapata nguvu yote. Ukilala hadi nyuzi 30 tu kutoka kwenye bodi, umebakiwa na nusu. Ndiyo maana mzigo wa kimo kifupi, kama mabati yaliyolala, haukazwi vizuri kwa mikanda ya juu: mkanda unapita karibu bapa. Huo unahitaji kuzuiwa mbele, nyuma na pembeni kwa kabari na nguzo.

Mingapi? Marekani sheria yao inataka mzigo mrefu usiozuiwa mbele ufungwe mikanda miwili kwa futi 10 za kwanza, karibu mita 3, kisha mmoja kwa kila futi 10 zinazofuata au sehemu yake, na jumla ya uwezo wa mikanda yote isipungue nusu ya uzito wa mzigo. Ni kipimo rahisi cha kukumbuka, ichukulie kama mahali pa kuanzia tu. Kwa trela la mita 12 wao wangekwambia mitano. Mimi sijawahi kujuta kwa kuongeza miwili.

Mambo ya kuzingatia unapokaza:

Kila mahali mkanda unapopinda kwenye kona kali, weka kinga. Kipande cha tairi, au bomba la mpira lililopasuliwa, vinatosha. Mkanda uliovutika unakatwa na ukingo wa bati kama mkate.

Mkanda usifungwe fundo. Fundo linaondoa karibu nusu ya nguvu yake, na likishakaa siku tatu hulifungui bila kisu.

Mkanda uzunguke mhimili wa racheti mara mbili au tatu. Ukizunguka mara moja tu unachomoka, ukijaa sana racheti haifungi.

Usiongeze bomba kwenye mkono wa racheti au wa kikaza cheni ili upate nguvu. Kile cha mkono mrefu wa kupindua kikirudi kinavunja taya, na nimemwona kaka mmoja aliyepoteza meno matatu hivyo kwenye yadi moja ya Moshi. Simama pembeni, kamwe usisimame usawa wa mkono unaorudi.

Pokezana upande wa racheti: mmoja kulia, unaofuata kushoto. Upande wenye racheti unavuta zaidi, na ukiziweka zote kulia mzigo unasogea kulia polepole bila wewe kuelewa kwa nini.

Bado wengi wetu tunatumia kamba, na siyo dhambi kwa magunia. Jua tu tabia yake. Ya katani ikilowa inajikaza, ikikauka inalegea, kwa hiyo ukifunga wakati wa manyunyu ya asubuhi kutoka upande wa Meru, saa sita kwenye jua la Mwanga itakuwa inacheza. Ya nailoni ni kinyume: ikilowa inavutika. Ile ya plastiki ya rangi rangi inauawa na jua. Ikianza kutoa unga mkononi, itupe.

Fundo la kukazia ni lile kila utingo analolijua kwa mkono hata kama hawezi kulieleza kwa mdomo. Kamba ikishuka ubavuni, tengeneza kitanzi usawa wa kifua. Ncha iliyobaki ipitishe chini ya ndoano ya trela, irudishe juu ipite ndani ya kitanzi, kisha vuta kuelekea chini kwa uzito wako wote. Kitanzi kinafanya kazi kama kapi na unapata nguvu zaidi ya mkono mtupu. Bana kwa kidole, piga fundo la nusu mara mbili. Ukivuta, usiegemee nyuma ukiwa ukingoni mwa bodi. Kamba ikikatika hapo, kinachofuata ni kisogo na lami.

Mitambo, kama kijiko au greda, haifungwi kwa kamba wala mkanda. Ni cheni, moja kwa kila kona, na kila moja na kikaza chake. Cheni ya daraja la 8 yenye unene wa milimita 10 ina uwezo wa daN 6,300, ya milimita 8 ni 4,000. Ndoo ishushwe ikae juu ya mbao, breki ya mkono ifungwe, na kiuno cha greda kipigwe pini yake ya kufungia.

Ukimaliza, zunguka trela ukipiga kila mkanda kwa kiganja. Uliokaza vizuri unalia. Uliolegea unakaa kimya.

Hatua ya tano: sasa lete turubai

Pima kabla ya kununua. Chukua upana wa trela, jumlisha kimo cha mzigo mara mbili, ongeza nusu mita kila upande. Mzigo wa kimo cha mita 2 kwenye trela la upana wa mita 2.5 unahitaji turubai la upana wa mita 7.5. Urefu vilevile: mita 12.5, na mbili mbele, mbili nyuma, na nusu nusu, jumla 17.5. Turubai moja la ukubwa huo, likiwa zito, watu wawili hawalipandishi. Ndiyo maana ni afadhali mawili yanayopandana kwa mita moja na nusu.

Yale mepesi ya buluu ya kufunikia mahindi uani hayafai barabara kuu. Nguvu ya upepo inakua kwa mraba wa mwendo: kwenye kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo ukomo wa malori, upepo unasukuma mara nne ya ulivyosukuma kwenye 40. Turubai la namna hiyo linaanza kupiga makofi ukitoka Tengeru, ukifika Kia limekuwa bendera. Chukua la PVC zito, au la pamba iliyopakwa nta. La pamba ni zito zaidi na likilowa ndiyo usiseme, lakini linapumua.

Kupumua kuna maana kwa nafaka. Mahindi makavu sawasawa yana unyevu usiozidi asilimia 13.5. Ukipakia yaliyo juu ya hapo Babati mchana wa jua, ukayafunga kwa PVC bila tundu, ukalala nayo kwenye baridi ya usiku wa Arusha, asubuhi chini ya turubai kunatiririka jasho na mwenye mali atakwambia yamenyeshewa. Ukipaki mahali salama pasipo mvua, inua upande wa nyuma upite hewa. Kahawa nayo inanyonya harufu: turubai lililobeba samaki wakavu au kumwagikiwa dizeli lisiikaribie, hata ukilifua.

Jinsi ya kulivika:

Angalia juu kwanza. Kama kuna nyaya za umeme, sogeza gari. Mtu aliyesimama juu ya mzigo wa mita tatu na nusu kutoka ardhini, akirusha turubai lililolowa, anazifikia.

Turubai lipandishwe likiwa limekunjwa, lifunguliwe juu kutoka katikati. Upepo ukiwa mkali, subiri, au egesha gari kichwa kikiangalia upepo. Utingo atembee katikati ya mzigo na avute turubai akiwa ameutazama ukingo, asiupe mgongo. Wengi wanaoumia kwenye kazi hii wameangukia hapo, gari likiwa limesimama.

Anza na turubai la nyuma. La mbele lije baadaye lilalie juu yake, kama bati la paa, ila hapa paa linaangalia mbele. Ukikosea ukatanguliza la mbele, upepo utaingia kwenye maungio na kulivua la nyuma mbele ya macho yako kwenye kioo.

Mbele, shusha ukuta wa turubai hadi chini, kisha yale masikio mawili yanayobaki kwenye kona yakunje kurudi nyuma, yalale ubavuni. Upepo unayapita ukiyabana. Nyuma, masikio yakunjwe kuingia mgongoni mwa trela. Hakuna mkunjo wenye mdomo unaoangalia mbele. Huo ni mfuko, na utajaa.

Funga macho ya turubai kwenye reli, mbele kwanza, kisha nyuma, kisha ubavu kwa ubavu mkipokezana. Kwenye kila jicho tumia vipande vya mpira wa tyubu. Vinavutika na kurudi, kamba kavu inachana jicho. Juu ya yote pitisha kamba za msalaba, zikikutana mgongoni mwa mzigo kama herufi X. Hizi ndizo zinazolinyamazisha. Turubai linalopiga kelele linajichana.

Mwisho, zunguka uone kama taa za nyuma, namba na viakisi vinaonekana, na kama hakuna ncha inayoning'inia karibu na tairi au bomba la moshi. Mzigo uliochomoza nyuma uwe na kitambaa chekundu mchana na taa nyekundu usiku.

Hatua ya sita: njiani

Marekani dereva anatakiwa kukagua mzigo ndani ya maili 50 za kwanza, kama kilomita 80, ambazo kwetu ni Arusha hadi Moshi. Kwa njia yetu hiyo ni kuchelewa. Mzigo wa magunia unashuka ndani ya nusu saa ya kwanza, matuta yakishaupigapiga, na kamba zote zinalegea kwa pamoja. Mimi nasimama Usa River, kama kilomita 20 tu kutoka mjini, nakaza. Nasimama tena Boma Ng'ombe, kwa sababu baada ya hapo unateremka Kikafu, na Kikafu si mahali pa kujua kwamba mkanda wa tatu umelegea. Nasimama Njia Panda ya Himo. Kutoka hapo kwenda Mwanga na Same upepo wa tambarare unapiga ubavuni, kwa hiyo kamba za msalaba ndizo naziangalia zaidi.

Kwenye kioo tazama vitu viwili: mstari wa juu wa mzigo kama bado uko sambamba na bodi, na turubai kama limevimba. Likivimba, upepo umeingia mbele. Usiseme utalishughulikia mbele ya safari. Ukihisi gari linavuta upande mmoja kwenye kona, punguza mwendo taratibu bila breki ya ghafla, simama, na usipande juu ya mzigo uliolala. Fanya kazi ukiwa upande uliopanda, siyo ule unaoelekea kuangukia.

Hatua ya saba: kufungua

Hapa ndipo watu wanalegea, kwa kuwa wamefika. Mzigo uliosafiri umesogea, na huenda unaegemea mkanda uleule unaotaka kuulegeza. Kabla ya kugusa racheti, zunguka pande zote mbili. Mkanda unaolia kwa sauti kali kuliko wenzake umebeba kitu. Huo uwe wa mwisho, na ufunguliwe kukiwa na folklifti au magogo yameshikilia upande huo, watu wote wakiwa upande wa pili. Nguzo za pembeni zisichomolewe mpaka upande huo uwe mtupu.

Turubai likilowa usilikunje ukalisahau chini ya trela hadi safari nyingine. La pamba litaota ukungu na kuoza kwenye mikunjo, la PVC litagandana, na lililobeba mahindi litatafunwa na panya. Lianike, lipigwe kofi litoke vumbi, matundu yazibwe siku hiyohiyo: la PVC kwa kiraka na gundi yake pande zote mbili, la pamba kwa sindano nene na uzi uliopakwa nta. Andika M kubwa kwa rangi kwenye ukingo wa mbele, na ukilikunja hiyo M iwe juu, ili kesho alfajiri utingo mwenye usingizi asiligeuze mara mbili akiwa juu ya mzigo.